Grisi Niliyoishindilia Mwenyewe

Mwanangu Emiliana,

Wewe na mama yako mmekwenda Kansay kumuaga bibi, na najua hamtarudi kabla ya saa kumi na moja kwa sababu bibi yako hamruhusu mtu kuondoka kwake bila kula. Kwa hiyo nina mchana mzima. Naandika nikiwa karakana, daftari nimeliweka juu ya meza ya msumeno, na plagi nimeichomoa ukutani. Kesho asubuhi unapanda basi, na keshokutwa utakuwa Mafinga kwenye kiwanda cha mbao.

Mambo ya blanketi, ya kula vizuri na ya kutafuta kanisa lililo karibu, mama yako amekwishayasema. Mengine ameyaandika kwenye karatasi aliyoibandika ndani ya mfuniko wa begi lako. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, lililotokea humu karakana ulipokuwa na miaka minne, na nimekaa nalo miaka kumi na minane.

Barua ya kazi ilipofika, ulitusomea mezani mara mbili. Halafu ukasema, "Wakiniuliza nimefundishwa wapi, nitawaambia nimefundishwa na fundi ambaye mashine yake haijawahi kumuumiza mtu." Ulisema kwa fahari, na mdomo umejaa ugali. Mama yako aliinuka akaenda kuangalia maharage ambayo yalikuwa yameshaepuliwa. Mimi nikasema, "Kula, chakula kinapoa."

Si kweli, Emi. Mashine hii imemuumiza mtu, na aliyesababisha ni mimi.

Sijui kama unamkumbuka Lemayan. Ulikuwa ukimwita Anko Lema. Alikuwa mrefu, anacheka polepole, na alikuwa akikubeba mabegani mpaka dukani huku umemshika masikio. Kwao ni Arash, huko Loliondo. Alikuja Karatu na vigoda sita alivyovichonga mwenyewe, akitaka kuviuza kwenye duka la vinyago pale barabarani ambapo magari ya watalii husimama kabla ya kwenda kwenye geti la hifadhi. Mwenye duka alikuwa anamzungusha. Mimi nilikuwa nimepeleka rafu pale, nikakigeuza kigoda kimoja kuangalia chini. Miguu yake yote ilikuwa imetoka kwenye gogo moja, hakuna msumari, hakuna gundi, na hakikuyumba.

"Nani amekufundisha?" nikamuuliza.

"Hakuna. Nilikuwa nachonga nikiwa machungani."

"Njoo kwangu Jumatatu."

Alikuja Jumatatu, na akakaa miaka minne. Hakuwa kibarua wangu. Mwaka wa pili tuliandika majina yetu wote wawili kwenye kibao cha mlangoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mimi thelathini na moja. Baba yake hakuipenda kazi hiyo hata siku moja. Kwake yeye, mtu aliyezaliwa kwenye ng'ombe kwenda kupasua mbao za watu mjini ilikuwa kama kujitoa kwenye ukoo. Alimwambia, "Nenda. Ila hiyo kazi ikikushinda, usije hapa ukaniambia ni bahati mbaya." Lemayan alinisimulia hayo huku akicheka, lakini alinisimulia zaidi ya mara moja.

Sasa msumeno wenyewe. Niliununua kutoka shamba moja la kahawa lililokuwa linafunga karakana yake. Ni huu huu unaoujua: meza ya chuma cha kumimina, mota chini, mkanda, na kile kiusukani cha mbele kinachozungusha skrubu ndefu ya kupandisha na kushusha bledi. Ulikuja mzima, na ulimi wake, yaani kile chuma chembamba kinachosimama nyuma ya bledi ili mbao iliyokwisha kupasuliwa isijifunge na kuibana. Ulikuja pia na mwongozo wake, ule mhimili mrefu ambao mbao huegemea ikisukumwa.

Hakuna aliyenifundisha kuutunza. Nilichokijua kuhusu mashine nilikipata kwenye gereji ya magari ya safari, nilikoshinda nilipomaliza shule. Pale kila kinachozunguka hupakwa grisi, na kikipiga kelele kinaongezwa. Nikaja na akili hiyohiyo kwenye msumeno. Kila Jumamosi nilikuwa nachukua kopo la grisi, naingiza mkono chini ya meza, naishindilia kwenye skrubu ya kupandishia, kwenye meno yake, kwenye kila tundu nililoliona. Nilikuwa napaka hata reli ya mwongozo, nikimalizia na oili chafu ya gari. Mikono yangu ilikuwa inatoka myeusi mpaka viwiko, na nilikuwa najisikia fundi kweli. Watu wakipita wananiona nimelala chini ya mashine, wanasema, "Huyu anaijali kazi yake."

Gari hupita kwenye vumbi la barabarani. Msumeno wenyewe ndio unaotengeneza vumbi, Emi, na vumbi la mbao likikutana na grisi haliondoki. Linakuwa kama uji, halafu kama ugali, halafu kama udongo uliochomwa. Mimi nilikuwa naweka grisi mpya juu ya ile ya zamani. Sikuwahi kuondoa. Kiusukani kikawa kigumu, nikasema ni uzee wa mashine, nikaongeza grisi. Bledi ilipokataa kushuka mpaka chini, niliacha kuishusha. Reli ya mwongozo nayo ikajaa, na mwongozo ukawa haukai sawa: ukiufunga mbele, nyuma unabaki umevutwa kidogo kuelekea kwenye bledi. Nilikuwa naugonga kwa nyundo ya mti, naupima kwa jicho, basi.

Na ulimi niliutoa. Tulikuwa tunachimba mifereji kwenye mbao za makabati, na kwa kazi ile ulimi unazuia. Niliufungua nikauning'iniza kwenye msumari ukutani. Kazi ya makabati iliisha, ulimi ukabaki ukutani miezi miwili. Kila siku niliuona. Nilikuwa napita chini yake nikienda kuchukua gundi.

Wakati huo tulikuwa na kazi ya vitanda kumi na viwili vya kambi moja ya wageni huko Engaresero, upande wa ziwa. Gari la kuvichukua lilikuwa linakuja Ijumaa. Jumatano asubuhi Lemayan alikuwa anapasua mbao za mikaratusi za pembeni mwa vitanda. Zilikuwa mbichi, tuliletewa hivyo na hatukuwa na muda wa kuzikausha. Alizima mashine, akaja nilipokuwa napiga randa.

"Fundi, hii mashine inavuta mbao upande. Na inanukia kuungua."

"Mikaratusi ndivyo ilivyo," nikasema.

"Mwongozo haujakaa. Nimeupima na kamba. Tuusafishe, halafu turudishe ule ulimi. Ni kazi ya asubuhi moja tu."

"Tuna vitanda vitatu bado."

"Najua. Lakini hainipi raha."

Nilikuwa nimeinama kwenye randa na sikuinua kichwa. Nikamwambia, "Maliza hizo mbao, tutasafisha Jumamosi."

Alisimama pale kidogo, nikasikia anavuta pumzi kwa pua. Halafu akarudi, akawasha.

Sikuona ilivyotokea, nilisikia. Sauti ya mota ilishuka kama inayozama, halafu ikalia mlio mwembamba, na mbao ikapita nyuma yangu ikapiga ukuta wa mabati. Nilipogeuka, Lemayan alikuwa amesimama wima akiuangalia mkono wake wa kushoto kama mtu anayetazama saa. Hakupiga kelele. Mbao ilikuwa imejifunga nyuma ya bledi, bledi ikaidaka na kuirusha, na mkono uliokuwa juu yake ukavutwa kwenye bledi. Vidole viwili havikuwepo, na cha tatu kilikuwa kimebaki nusu.

Nilimfunga kwa shati langu. Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali. Njiani Lemayan alisema neno moja tu: "Maji." Sikuwa na maji.

Sehemu ninayotaka uisome vizuri ndiyo hii inayofuata, maana ajali nimeshakueleza na ajali hutokea. Jioni ile kaka yake, aliyekuwa mlinzi kwenye hoteli moja hapa Karatu, alifika wodini bado amevaa sare. Lemayan alikuwa amelala, mkono umefungwa, macho nusu wazi kwa zile dawa. Kaka yake hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Imekuwaje?"

Nikamjibu, "Alipeleka mkono karibu mno. Nimemwambia mara nyingi atumie kijiti cha kusukumia mbao."

Ilitoka kirahisi. Sikuwa nimeipanga. Kijiti kilikuwepo, na ni kweli nilishawahi kumwambia hivyo, mwaka wake wa kwanza. Nilichukua ukweli mdogo wa zamani nikaufunikia ule mkubwa wa siku ile. Kaka yake akamgeukia, akamuuliza kwa Kimaasai. Lemayan akafungua macho, akanitazama, akajibu kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. "Ni kweli. Nafikiri nilikuwa nawaza mambo mengine."

Hakuwa anakumbuka. Daktari alisema mara nyingi mtu hakikumbuki kile kitambo chenyewe. Kwa hiyo alikuwa na nafasi tupu kichwani, na mimi nikamjazia.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilikuwa nayo pale, nilikuwa nayo kesho yake, nilikuwa nayo siku zote tisa alizolala pale nikimpelekea mtori. Kila siku nilijiambia kwamba apone kwanza. Alipopona, kaka yake alimpeleka Arash. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Alinipa mkono wa kulia, akasema, "Samahani kwa vitanda, Fundi." Yeye ndiye aliyeniomba mimi samahani. Nikasema, "Usijali."

Vitanda vilichukuliwa wiki moja baadaye. Nilivimalizia kwa msumeno wa mkono.

Sikuugusa msumeno huu muda mrefu. Halafu nikamwendea mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi mitambo wa lile shamba la kahawa, akaja hapa na mfuko wake. Nilitaka aniambie mashine ni mbovu. Kama ningesikia kwamba chuma kilikuwa na kasoro tangu zamani, ningepumua. Alipiga magoti, akaangalia chini kwa tochi, akachokoa skrubu kwa bisibisi. Kilichoanguka sakafuni kilikuwa kigumu kama kipande cha tofali, na kilikuwa na matabaka, ungeweza kuhesabu Jumamosi zangu. Akaugeukia mwongozo, akapima mbele na nyuma. Nyuma ulikuwa umeingia kwa unene wa njiti ya kiberiti.

"Mashine hii ni nzima," akasema. "Umeilisha tu, hukuwahi kuisafisha."

Tulifanya kazi siku mbili. Alinionyesha yote ambayo wewe unayajua kwa mikono: kuchomoa plagi kwanza, kufagia vumbi kavu kabla ya kitu chochote chenye maji, mafuta ya taa na mswaki kwenye skrubu mpaka chuma kionekane. Pale palipo wazi kwenye vumbi si grisi, ni nta kavu ya mshumaa, kidogo, na ya ziada unaifuta. Beringi zilizofungwa usizitie kitu, zimekuja na grisi yake ndani. Mkanda usiguswe na tone la oili. Utomvu kwenye bledi unaiunguza mbao, uondoe kabla hujasema bledi ni butu. Na ulimi urudi mahali pake siku ileile kazi iliyouondoa inapoisha. Aliurudisha yeye mwenyewe kutoka kwenye ule msumari. Hakuniuliza ulikuwa unafanya nini ukutani, na sidhani kama hakujua.

Huko Mafinga wana mashine ambazo mimi sijawahi kuziona, na watakufundisha wanavyofanya wao. Kuna jambo moja tu ninalotaka ulijue, na nimelijua kwa kuchelewa. Kuongeza grisi kulinipa raha kwa sababu kulionekana kama kazi. Kuondoa uchafu kungenilazimu kuangalia, na kama ningeangalia ningesimamisha kazi. Nilikuwa najificha chini ya ile mashine, mikono ikiwa myeusi, kila mtu akinisifu.

Siku moja kule utasikia mtu anakwambia, "Tutasafisha Jumamosi." Usidhani atakuwa mtu mbaya. Mimi sikuwa mtu mbaya asubuhi ile. Nilikuwa na haraka, na nilimpenda Lemayan.

Ulipofika darasa la tano nikaanza kukuita karakana kila Jumamosi kabla ya mazoezi ya kwaya. Wenzako wanapita njiani wanakusubiri, wewe uko chini ya meza na mswaki. Uliposema tayari, mimi nilikuwa napitisha kidole, na kikitoka na vumbi nakurudisha. Siku moja ulilia. Ukiwa kidato cha pili uliniuliza, "Baba, kwa nini unaiogopa mashine yako mwenyewe?" Nilikujibu, "Panguza." Ulikuwa umeuliza swali la haki kabisa, na ulikuwa na umri wa kutosha kupewa jibu. Ukapanguza. Nadhani tangu siku ile ulianza kuamini kwamba mimi naupenda msumeno kuliko ninavyokupenda wewe, na sikukusahihisha, kwa sababu kukusahihisha kungenifikisha kwa Lemayan.

Mama yako alijua nusu. Alijua mwongozo ulikuwa mbovu. Yale ya wodini hakuyajua mpaka mwezi huu.

Mlipokula ule ugali na ukasema yale maneno, niliondoka baada ya siku tatu. Niliwaambia nakwenda Wasso kumwona mteja wa milango. Hakukuwa na mteja. Nilishuka Mto wa Mbu, nikapata basi la Loliondo, tukapita Engaresero kwenye joto lile, tukapanda Sonjo, nikalala Wasso. Asubuhi nikachukua pikipiki mpaka Arash. Sikuwa nimempigia simu. Niliogopa kwamba nikimpigia nitasema nilichotaka kusema kwa simu, na itakuwa rahisi.

Nilimkuta zizini anamkagua ndama mwenye jicho bovu. Alinitambua kabla sijamfikia.

"Fundi," akasema. "Umezeeka."

"Na wewe."

Mke wake alituletea chai ya maziwa, tukakaa nje. Aliuliza habari za mama yako, akauliza na habari zako, akashangaa kwamba unakwenda kufanya kazi na mashine. Nikaona nikinywa hiyo chai mpaka iishe sitasema. Nikaweka kikombe chini nikamwambia yote, kuanzia kopo la grisi mpaka wodini. Hakunikatiza. Nilipomaliza, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mwongozo ulikuwa umepinda kiasi gani?"

"Unene wa njiti ya kiberiti."

"Kuelekea kwenye bledi?"

"Kuelekea kwenye bledi, kwa nyuma."

"Na ulimi ulikuwa ukutani."

"Miezi miwili."

Alikuwa bado fundi, Emi. Nilimwona anaipasua ile mbao upya kichwani mwake, inchi kwa inchi. Akasema, "Kwa hiyo hata kama ningekuwa makini."

"Hata kama ungekuwa makini. Na ulikuwa makini. Wewe ndiye uliyeniambia tuusafishe."

"Nilikuambia?"

"Asubuhi ileile. Uliupima na kamba."

Hilo nalo hakuwa analikumbuka. Aliweka mkono wake wa kushoto gotini akautazama.

"Unajua nimefanya nini miaka yote hii?" akasema. "Nimetafuta lile wazo. Nilisema nilikuwa nawaza mambo mengine, basi nikawa najiuliza, mambo gani? Nikichunga, nikilala, najiuliza asubuhi ile nilikuwa nawaza nini. Silioni. Nikajua mimi ni mtu ambaye kichwa chake kinaweza kuondoka bila yeye kujua. Watoto wangu nimewakataza hata kuchonga. Rika langu wamenipa jina, maana yake ni aliyeliwa na mti. Nikalikubali."

Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Baba yangu amekufa akijua mimi ni mzembe."

Hilo siwezi kulirekebisha kwa namna yoyote, na nataka ulijue hivyo lilivyo.

Aliniambia niyarudie mbele ya watu wake. Kaka yake, yule wa wodini, ameacha ulinzi na anakaa palepale bomani. Mama yao naye yuko hai, macho yamepungua lakini anasikia vizuri. Tukakaa ndani. Mimi nikasema kwa Kiswahili, kaka akatafsiri kwa Kimaasai, sentensi moja moja. Ni jambo gumu kusikia uongo wako ukitafsiriwa na mtu uliyemdanganya. Alipofika kwenye maneno ya kijiti alisimama, akaniangalia, halafu akaendelea.

Yule mama aliuliza jambo. Kaka akasema, "Anauliza kwa nini umekuja sasa."

"Kwa sababu binti yangu anaondoka," nikasema, "na ananiona mtu ambaye mimi siye."

Alisikiliza tafsiri, akasema maneno machache. Kaka alisita kidogo kabla ya kunipa.

"Anasema, kwa hiyo hukuja kwa ajili ya mwanangu."

Alisema kweli. Nililala pale usiku huo kwa sababu hakukuwa na usafiri, nikapewa ngozi ya kulalia na maziwa kama mgeni yeyote. Hakuna aliyenitukana. Asubuhi Lemayan alinisindikiza mpaka barabarani, tukasubiri pikipiki. Nilianza kusema neno msamaha, akainua mkono.

"Usiniombe leo. Sijui nitakujibu nini, na sitaki kukujibu kwa sababu tu umetoka mbali." Pikipiki ikaonekana. "Binti yako anajua?"

"Bado."

"Mwambie kabla hajaondoka. Anakwenda kufanya kazi na watu wengine kwenye mashine. Asiende na hadithi ya uongo."

Nilirudi hapa na siku kumi mkononi. Nimezimaliza zote. Mara mbili nilikuita karakana nikaishia kukuuliza kama umepata tiketi. Jumapili baada ya kanisa mama yako alituacha peke yetu makusudi, nikakueleza habari za hali ya hewa ya Mafinga, ambako sijawahi kufika. Jana Lemayan alinipigia. Hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza, "Umemwambia?" Nikasema hapana. Akakata simu.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute umeshafika mbali. Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu ukurasa wa kwanza, na naona ni maneno ya wodini tena, kwa mwandiko mzuri zaidi. Ungeisoma ndani ya basi, bila mtu wa kumuuliza, na mimi nisingelazimika kuuona uso wako.

Kwa hiyo barua hii haitaingia kwenye begi. Mkifika nitakupa mkononi, kabla hujavua viatu, na nitarudi hapa karakana nikae kwenye benchi la randa. Isome yote. Ukimaliza, njoo, na uniulize chochote unachotaka. Sitakwambia upanguze kitu.

Na kama ukimaliza ukaona hutaki kuja, kesho nitabeba mizigo yako mpaka stendi, na sitasema neno mpaka wewe useme.

Baba yako.